Ploti ya Ndani

Ukitaka kumchosha binadamu bila kumpiga, mpe kazi ya kuwaeleza wenzake mambo yatakayotokea miaka ishirini ijayo. Muthama alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Sasa nywele zilikuwa zimemkimbia, na serikali nayo ilikuwa karibu kumwacha, kwa kuwa mwaka uliofuata angestaafu. Alikuwa ofisa wa mipango ya ardhi. Alichora masoko ya Kitui mpaka kule Mutomo kwenye mbuzi na vumbi, na wilaya ya Makueni ilipokatwa kutoka Machakos, wakamleta Wote, wakampa chumba chenye meza moja na kabati lisilofungika, wakamwambia aanze upya.

Mpango wake wa mwisho ulikuwa wa Kwa Ndeto, soko dogo kando ya barabara ya Mombasa, ukishapita Malili unaelekea Kibwezi. Ndiko alikozaliwa. Wakubwa wake waliona hiyo ni bahati nzuri, kwamba watu watamsikiliza mtoto wao. Wakubwa wake hawakuwa wenyeji wa Kwa Ndeto.

Jumamosi moja alikuwa amesimama mbele ya kanisa, ramani imebandikwa ukutani pale ambapo kwaya husimama siku ya Jumapili. Alieleza taratibu, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, kwa kuwa siku hizi palikuwa na wafanyabiashara kutoka kila upande. Maduka yakae pamoja, alisema, nyuma ya barabara, kuzunguka kiwanja cha mnada wa mbuzi. Mtu atoke dukani aingie zahanati kwa miguu yake. Bomba la maji lipite njia moja lihudumie wengi, badala ya kumfuata kila mtu kwake. Mashamba yabaki mashamba. Malisho ya wote, yale yanayoteremka hadi mto wa mchanga ambako akina mama huchimba maji, yasiguswe. Na mtu asijenge kando ya lami nje ya mawe ya mpaka wa soko.

Watu walimsikiliza kwa adabu zao za kanisani, yaani macho kwake na mawazo nyumbani. Alipomaliza, Musembi, diwani wao, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akasimama.

"Ofisa, wewe ni mtoto wetu, na umeongea vizuri sana," alisema. "Lakini hata kwenu wanakata shamba. Mbuvi wenu ameshanunua kamba ya kupima. Sasa sisi tufuate gani, hiyo ramani ama hiyo kamba?"

Kanisa lote likacheka. Muthama naye alicheka, kwa sababu mtu akichekwa mbele za watu hana mahali pengine pa kuuweka uso wake. Mbuvi alikuwa kaka yake mkubwa, na habari ya kamba ndiyo kwanza aisikie.

Ugonjwa wenyewe aliujua vizuri. Zamani barabara ilikuwa njia tu ya kupitia. Lami ilipokuja na malori yakaanza kusimama, kila mzee aliyekuwa na shamba linalogusa barabara akajiona tajiri, na kila mwanawe akataka kuigusa hiyo lami. Haki ni haki. Baba hawezi kumpa huyu barabara na yule kichaka. Kwa hiyo mashamba yakaanza kukatwa kutoka juu hadi chini, kutoka lamini mpaka mtoni, vipande virefu vyembamba ambavyo ng'ombe akigeuka anakuwa kwa jirani. Mbele kibanda, nyuma utepe wa shamba. Hakuna aliyedhulumiwa, na hakuna aliyebaki na kitu.

Na si hilo tu. Matuta ya Ukambani yanakata mteremko kwa upana, ili mvua ikija ikute ukuta baada ya ukuta, itulie, inywewe na udongo. Ukikata shamba kwa urefu, kila tuta linakuwa na wenyewe wanne. Mmoja analitengeneza, wa pili yuko Nairobi, wa tatu amekosana na wa kwanza. Maji yanapata mwanya hapo mpakani, na maji hayahitaji kuonyeshwa mara mbili. Muthama alikuwa ameona mashamba ya namna hiyo sehemu nyingi, makorongo yameyapasua kutoka juu hadi chini. Alikuwa ameandika ripoti juu yake hadi akachoka na maneno yake mwenyewe.

Kutoka kanisani alikwenda moja kwa moja kwao.

Mama yake, Mbinya, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mbaazi. Wakati wa ujana wake ndiye aliyeongoza kundi la mwethya, wanawake waliokuwa wakienda shamba kwa shamba kuchimbiana matuta huku wakiimba, leo kwangu, kesho kwako. Mikono yake ilikuwa bado mipana. Mbuvi na Jonah, kitinda mimba, walikuwa chini ya paa la jikoni na ile kamba ilikuwa kati yao, mpya, ya nailoni ya buluu.

"Ni kweli?" Muthama aliuliza.

"Ni kweli nini? Sisi ni watatu, shamba ni moja," Mbuvi alisema. "Tunakata tatu, kila mtu anagusa lami, tunakula mbuzi, imeisha. Hata wewe unagusa. Ama wewe hutaki?"

Muthama alitaka, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Yeye pia alikuwa amekwishaiona ile sehemu yake ya lami, na aliyeiona zaidi alikuwa mkewe. Lakini watu wa Kwa Ndeto wakiiona kamba ya Mbuvi ikivutwa kutoka lamini kwenda mtoni, ramani ile ingeviringishwa na kutiwa kabatini pamoja na nyingine zote. Alijihurumia kidogo. Alifikiri juu ya masoko yote aliyoyachora, na kwamba hakuna hata moja lililokuja kufanana na mchoro. Alitaka moja tu. Kabla hajaondoka, moja.

"Tukate kwa upana," alisema. "Tufuate matuta. Mmoja achukue juu, mmoja katikati, mmoja chini mtoni. Tuta lisiguswe hata moja."

"Na nani achukue chini?" Jonah aliuliza haraka.

"Mimi."

Kule chini mtoni palikuwa na mawe, mchanga na miiba, na mamba wa hadithi ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mbuvi alimtazama mdogo wake kama mtu anayepewa ng'ombe bure na anatafuta mguu mbovu.

"Juu nichukue mimi?"

"Uchukue wewe. Lakini usikate ploti. Jenga nyumba yako, ulime, basi. Jonah akae katikati na mwaitu. Mtoto wa mwisho huwa habanduki kwa mama yake. Michungwa yake iko hapo tayari, na udongo mzuri uko hapo. Umwachie njia ya kupita na mkokoteni."

Jonah alikubali kabla Muthama hajamaliza. Alipenda michungwa yake kuliko alivyopenda lami. Mbuvi alikuwa mgumu. Alisema kuna siku watoto wake watamuuliza. Alisema serikali imemharibu Muthama kichwa. Mbishano ukapanda, yakatajwa mambo ya karo na ya mazishi ya baba, hadi Mbinya aliposukuma ungo wake kando.

"Hilo tuta la katikati," alisema, "nilikuwa na mimba yako, Mbuvi, tukilichimba. Wanawake wa mwethya waliniambia nikae, nikakataa. Sasa unataka kulipasua na kamba ya duka?" Akavuta pumzi. "Mimi nimechoka na nyinyi. Fuateni matuta. Na mbuzi mchinje leo nikiwa naona, msije mkageuka kesho."

Mbuzi alichinjwa. Jioni, kabla jua halijatua, ndugu watatu waliyapita matuta kwa miguu, wakapanda mikonge mipakani, na Muthama alirudi Wote akiwa na nyama kwenye mfuko wa plastiki na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mingi. Alilala usingizi mzito. Bilha, mkewe, hakumwuliza kitu, na yeye hakusema kitu. Alijiambia atamwambia kesho, kukitulia. Kesho yake akajiambia hivyo hivyo.

Bilha alikuwa binti wa Njogu, mtu wa Murang'a. Aliolewa na Muthama wakati ambapo watu wa kwao waliuliza kama Ukambani kuna chakula. Tangu wakati huo alikuwa amekaa katika nyumba za serikali: Kitui, Mutomo, Machakos, Wote. Kila nyumba alipanda kitu, na kila nyumba alikiacha kikianza kuzaa. Cherehani chake tu ndicho kilichohama naye. Alishona sare za shule na mashati, na alikuwa na jambo moja tu alilolitaka duniani, nalo Muthama alikuwa amemwahidi mara nyingi mno hata lilikuwa kama sala ya familia: wakistaafu, duka la ushonaji kando ya lami, Kwa Ndeto, lenye veranda, na jina lake juu ya mlango.

Habari alizipata kwa Mutindi, mke wa Mbuvi, aliyekuja Wote sokoni na kumkumbatia kwa upendo mwingi kuliko kawaida.

Muthama alipoingia nyumbani mchana huo, cherehani kilikuwa kimefunikwa. Hakuwahi kukiona kimefunikwa mchana.

"Baba Nduta," Bilha alisema, "mimi nashukuru. Nimeambiwa nimepewa mto."

"Nilikuwa nitakuambia."

"Lini? Ukishanijengea kule nishonee mamba?"

"Mama Nduta, sikiliza. Kama sisi tungekata, wote wangekata. Mpango ungekufa. Mtu hawezi kusimama mbele ya watu aseme hivi na kwao wafanye vile."

"Hilo naelewa. Mimi si mjinga." Hakupaza sauti, na Muthama angependa apaze. "Ulikaa na ndugu zako, mkala mbuzi, mkagawa. Uliwauliza Mbuvi na Jonah. Mama uliuliza. Hata hiyo mikonge mliiuliza mahali inataka kusimama. Mimi nani aliniuliza?"

"Ni shamba la baba yetu, mambo ya ndugu..."

"Na duka lilikuwa la nani?"

Muthama aliona haya kweli kweli, haya ya mtu mzima, ambayo ni mbaya kuliko ya mtoto kwa sababu haina wa kuibembeleza. Katika miaka yote ya kuita watu barazani ili atafute maoni yao, wazee, vijana, akina mama, makanisa, mtu mmoja tu hakuwa amewahi kumwita. Bilha aliondoka akaenda kufunika sufuria. Kwa siku zilizofuata alimpikia, akampigia pasi, akamwitikia. Zaidi ya hapo palikuwa kimya. Muthama alikuwa akila ugali wake akitazama ukuta, na kila akijiandaa kuomba msamaha, uchovu ulimshika mdomo.

Baraza la pili liliitwa mwezi uliofuata. Kanisa lilijaa, maana habari za mbuzi wa kina Muthama zilikuwa zimefika kila mahali. Mbuvi mwenyewe alisimama akashuhudia kwamba wamefuata matuta, akisema kwa fahari kubwa kana kwamba wazo lilikuwa lake. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mzee mmoja wa kanisa alisema kama ofisa amekubali kukaa kwenye mawe, basi huyo si mwongo. Musembi aliomba wanaokubali mpango wainue mikono, na mikono ikainuka mingi hata Muthama akahisi macho yanamchoma. Mpango ulikuwa umepita. Mara hii ulikuwa umepita kweli.

"Vizuri sana," Musembi alisema. "Sasa kaunsili inataka majina. Nani wa kwanza kuchukua ploti huko ndani, karibu na mnada? Tuandike watu kumi tu wa kuanza."

Mikono yote ikashuka.

Ungedhani wamenyimwa mabega. Mwenye hoteli alianza kukohoa. Mwenye duka la mbegu aliangalia dari. Kila mmoja alikubali kabisa kwamba watu wajenge ndani. Hakuna aliyesema ni yeye. Huko ndani palikuwa na mavi ya mbuzi, vichaka, na mistari ya chokaa iliyochorwa na watu wa ofisi. Nani afungue duka mahali pasipo na mteja, angoje wengine waje wamletee wateja? Mbinya, aliyekuwa ameketi mbele kwa sababu ya masikio yake, aliguna kwa sauti iliyosikika na wote.

"Mimi."

Sauti ilitoka nyuma, upande wa wanawake. Muthama aliijua kabla hajageuka. Bilha alikuwa amekuja kivyake, kwa gari la asubuhi, bila kumwambia. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani na kiatu cha Jumapili.

"Andika ploti ya kona," alisema, "ile inaangalia mnada. Nitaweka duka la kushona."

Wanawake walianza kunong'ona. Musembi alitabasamu kwa raha. Muthama alisema, "Dakika moja, mheshimiwa," akapita katikati ya viti, akamshika mkewe kiwiko, wakatoka nje hadi nyuma ya kanisa penye tangi la maji.

"Mama Nduta, usifanye hivyo," alisema kwa sauti ya chini. Maneno yalimtoka mbiombio. "Pale hakuna kitu. Utakaa peke yako na cherehani chako. Watu hawatahamia kule leo wala kesho. Wengine hawatahamia kabisa, nawajua, wataendelea kujibanza barabarani na kaunsili itawaacha. Nimeona hivyo Kitui, nimeona kila mahali. Maji yenyewe sijui kama yatafika. Ngoja. Nitaongea na Mbuvi, atupe kasehemu kadogo tu pale juu kando ya lami, ka duka tu, hakuna mtu atasema kitu."

Bilha alimgeukia. Hasira iliyokuwa usoni mwake wiki zote hizo ilikuwa imeondoka, na kilichobaki kilimtia Muthama hofu zaidi, kwa sababu kilifanana na huruma.

"Kumbe huamini," alisema.

Muthama aligeuka akatazama tangi.

"Wale watu umewaambia wajenge huko. Mama yako amekubali shamba ligawanywe kwa sababu ya huko. Mimi umeninyima lami kwa sababu ya huko." Alizungumza polepole, kama anayejifunza jambo huku akilisema. "Nilifikiri umenitoa sadaka kwa kitu unachokiamini. Niliona, sawa, kama ni kizuri hivyo, wacha na mimi niingie ndani yake. Kumbe ni kwa wengine tu."

"Nimechoka, Bilha," Muthama alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake mbele ya watu wala faraghani tangu mtoto wao Nduta azaliwe. "Nimechora nyingi. Zote zimekufa. Siwezi kukuweka wewe ndani ya moja."

"Basi rudi ndani uwaambie hivyo."

Alisimama hapo. Ndani walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kupitisha muda, kama ilivyo desturi ya watu wa kanisa wakiachwa bila kazi. Angeweza kurudi akawaambia. Wangemshukuru hata, wangechukua kamba zao na kwenda nyumbani wakiwa na dhamiri safi, na yeye angestaafu kwa amani, na duka la lami lingepatikana. Alijua pia kwamba hawezi. Hakuwa shujaa, alikuwa tu ameshamla yule mbuzi, na mikonge ilikuwa imeshapandwa.

Walirudi ndani, Bilha akiwa mbele. Wimbo ukakatika. Karatasi ya majina ilikuwa mezani na kalamu juu yake, na Musembi alimsogezea Muthama kiti.

"Ofisa, mmeelewana na mama? Tuandike?"

Muthama aliketi akachukua kalamu. Aliandika namba ya ploti ya kona, kisha akaandika huku akisoma kwa sauti, ili watu wote wasikie, "Bilha, mke wa Muthama."

"Hapana," Bilha alisema. Alikuwa amesimama mbele ya meza, amekunja mikono. "Futa hapo. Andika Bilha wa Njogu. Huyo Muthama ana shamba lake kule mtoni."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko, wanawake wakapiga vigelegele, Mbinya akipiga kuliko wote na mkongojo wake juu. Katikati ya kelele hizo mke wa mwenye hoteli alimsukuma mumewe ubavuni, na mumewe akainuka akiwa hana furaha hata kidogo, akaja kusimama nyuma ya Bilha. Baada yake hakuja mtu.

Muthama alifuta, akaandika kama alivyoambiwa. Alikuwa ameweka majina ya watu kwenye ramani maisha yake yote, na hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao. Sasa aliitazama ile kona ndogo, upana wa ukucha, yenye mavi ya mbuzi na chokaa, akaomba Mungu kwa moyo wake wote watu waje.